Mwalimu wa chekechea anapenda kazi, masharti yanamchosha

Kabla hajaandika herufi ya kwanza ubaoni, mwalimu wa chekechea huwa ameshambembeleza mtoto anayemlilia mamake, amewapangusa wengine kamasi na kuamua ugomvi wa kalamu. Saa ya uji ikifika, yeye ndiye mgawaji. Watoto wa miaka minne na mitano hawaachwi peke yao, kwa hiyo hata kwenda msalani sharti amwombe mwenzake awaangalie.

Kazi hiyo ina raha yake. Mtoto aliyeingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, Januari akiwa hasemi neno, kufikia muhula wa tatu anaimba, anahesabu na kusimulia ya nyumbani. Raha hiyo imewaweka walimu wengi darasani miaka mingi, lakini hailipi kodi ya nyumba.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea. Mwalimu wa Gredi ya Kwanza huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), ilhali jirani yake wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, hutegemea kaunti. Wana uwanja mmoja na mwalimu mkuu mmoja, lakini mishahara na njia za kupanda cheo ni tofauti. Walimu wengi wa chekechea wamefanya kazi kwa mikataba, na fedha zikichelewa kutoka Hazina ya Kitaifa, nao husubiri.

Masharti hayo humchosha mwalimu. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza uchovu wa kazini kuwa matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana. Mwalimu aliyefika hapo haimbi tena na watoto, na kilio kidogo humkasirisha. Kumwambia avumilie hakumponyi, kwa sababu chanzo kimo katika masharti ya kazi.

Dawa inajulikana: ajira ya kudumu, mshahara kwa wakati, msaidizi darasani na nafasi ya kupumua mchana. Yote hayo huhitaji fedha, na bajeti za kaunti hupaswa kupitishwa kufikia Juni 30 kila mwaka, na sheria inataka wananchi watoe maoni. Mzazi, hudhuria vikao vya kutoa maoni hayo, na umtetee mwalimu wa mwanao.