Mgonjwa mmoja anatufunza nini?

Kila ninapozungumzia maradhi katika kipindi hiki, hazipiti siku mbili bila mtu kunipigia simu na kuniambia: "Mtangaze huyu bwana, dawa yake imemponya shemeji yangu." Hujibu kwamba nafurahi shemeji amepona, lakini kwa kupona kwake peke yake siwezi kuitangaza dawa. Wengine huudhika na kuniuliza: kwani madaktari nao hawaandiki habari za mgonjwa mmoja katika majarida yao? Swali hilo ni la haki, na leo napenda tulijadili.

Ni kweli, huandika. Daktari akikutana na ugonjwa asioufahamu, au dawa iliyoleta madhara yasiyotarajiwa, huweza kuandika taarifa ya mgonjwa huyo na kuipeleka kwenye jarida la kitabibu. Hueleza umri wake, dalili zilianza lini, vipimo vilionyesha nini, alitibiwa vipi na hatimaye ikawaje, hata kama alifariki. Jina halitajwi, na siku hizi mgonjwa au jamaa zake huombwa idhini.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake, Dk. Hugh Trowell, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuuelewa ugonjwa ule. Majuma machache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitupa macho dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vile vile.

Wa kwanza angeweza kusahauliwa. Wa pili alimfanya Burkitt afukue mafaili ya Mulago, na kumbe watoto wa namna hiyo walikwishapita wengi. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la wapasuaji la Uingereza kuhusu watoto 38. Ni wachache walioijali.

Hakukata tamaa. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali mbalimbali za Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona watoto kama wale. Machi 1961 alihutubia London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtafiti Anthony Epstein. Baadaye mwaka huo huo, Burkitt na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, hospitali baada ya hospitali. Walikuta kwamba saratani ile hupatikana zaidi katika sehemu zenye joto na mvua, ambako malaria nayo imekithiri.

Huku nyuma, vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kuona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo ugonjwa huo una jina la Burkitt, na watoto wengi wakiwahishwa hospitali na kupewa dawa zinazofaa hupona.

Sasa angalieni jambo moja. Habari ya mtoto yule wa Mulago haikuthibitisha chanzo cha ugonjwa wala tiba yake. Ilizua swali tu. Majibu yalikuja kwa kuhesabu, kulinganisha na kupima, kazi ya miaka. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayajazi mtungi.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mitaani shuhuda zilikuwa hizo hizo: nilikunywa, nikapona. Ushuhuda wa namna hiyo hausemi kama mtu alipimwa kabla na baada, wala kama alikuwa anaendelea kumeza vidonge vya hospitali. Maradhi mengine hutulia yenyewe. Na aliyekufa hapigi simu redioni. Ndiyo maana dawa hujaribiwa kwa wagonjwa wengi, wakagawanywa makundi kwa kura, kundi moja likapewa dawa hiyo na jingine lisipewe, kisha wote wakahesabiwa, waliopona na wasiopona.

Anayeacha vidonge vya kifua kikuu, kisukari au UKIMWI kwa sababu jirani amepona kwa kitu kingine, anaweka maisha yake rehani kwa habari ya mtu mmoja.

Lakini msiidharau habari ya mtu mmoja. Ukimeza dawa ukaona jambo geni mwilini, rudi kwa daktari ukamweleze. Tunza kadi yako na majibu ya vipimo. Na ninyi waganga wa zahanati, andikeni mnachokiona. Kama mafaili ya Mulago yangefungiwa maandazi, Burkitt angefukua nini?

Hadi juma lijalo, kwaherini.