“Nimebakiza moja tu”: karata ya mwisho inagharimu kiasi gani?

Kuna dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, jirani yangu hosteli. Wiki moja kabla boom halijaingia alikuja kunikopa shilingi 5,000. Anacheza gemu la kadi kwenye simu, yale ya kulipia pakiti iliyofungwa, unaifungua, ndipo unaona umepata nini. “Kaka, nimebakiza kadi moja tu deki yangu itimie.” (Wachezaji huita deki ule mkusanyiko wa kadi anaoingia nao mtu mchezoni. Siyo deki ya kupiga sakafu.) Nikampa. Siku ya tatu akarudi. Bado moja tu.

Hiyo “moja tu” ndiyo ninayotaka tuihesabu.

Chukua karata za kawaida unazozijua: kopa, uru, shupaza na pau, jumla 52. Sasa fikiria duka haliuzi seti nzima. Linauza bahasha zilizofungwa, kila moja ina karata moja, na karata yoyote ina nafasi sawa ya kuwemo. Bahasha ni shilingi 100. Je, utanunua bahasha ngapi hadi upate zote 52? Kabla hujaendelea, kisia namba yako.

Wengi niliowauliza walisema 80, wengine 100. Jibu, kwa wastani, ni 236. Seti ambayo ingekugharimu shilingi 5,200 kama ungechagua mwenyewe, sasa inakula 23,600.

Kwa nini? Anza na dadu. Ukisubiri sita, nafasi yako ni moja kati ya sita kila unaporusha, kwa hiyo kwa wastani utarusha mara sita. Karata ni vilevile. Bahasha ya kwanza lazima iwe na karata mpya. Ya pili karibu lazima. Lakini ukishakuwa nazo 26, nusu ya bahasha unazofungua zinakuletea kitu ulicho nacho tayari, kwa hiyo kila karata mpya inataka bahasha mbili. Ukifika 51, inayokosekana ni moja kati ya 52, na hiyo peke yake inahitaji wastani wa bahasha 52. Jumlisha 52/52 + 52/51 + 52/50, hivyohivyo hadi 52/1, utapata 236.

Angalia mgawanyo wake sasa. Nusu ya kwanza ya seti inakuja kwa bahasha 36 hivi. Nusu ya pili inataka 200. Ndiyo maana mwanzo mtu anajiona ana bahati, anamwambia kila mtu, halafu kimya.

Kwenye michezo halisi hali ni kali zaidi, kwa sababu kadi hazina nafasi sawa. Mfano mzuri ni Magic: The Gathering, uliotoka Marekani mwaka 1993. Aliyeubuni, Richard Garfield, ni mwanahisabati mwenye shahada ya uzamivu, kwa hiyo usidhani haya yalimponyoka. Deki yake ina kadi zisizopungua 60, na kadi nyingi unaruhusiwa kuweka hadi nakala nne. Katika matoleo mengi makubwa ya miaka ya 2010, pakiti ya kadi 15 ilikuwa na nafasi moja tu ya kadi adimu. Kadi adimu zilikuwa aina 53, na takribani pakiti moja kati ya nane, nafasi hiyo ilichukuliwa na kadi adimu zaidi, ambazo zilikuwa aina 15.

Tuseme unataka kadi adimu fulani, nakala nne. Nafasi kwa pakiti ni 7/8 mara 1/53, yaani kama moja kati ya 61. Nakala nne ni pakiti 242 hivi. Kwa dola 4 kila pakiti, ni karibu dola 970, na utabaki na kadi zaidi ya 3,600 ambazo hukuzitaka.

Wachezaji wazoefu hawafanyi hivyo. Wananunua kadi mojamoja kwa wauzaji, na hapo soko linawasaidia. Kadi adimu ikizidi dola 244, ambazo ni pakiti 61, muuzaji atapata faida kwa kufungua pakiti tu na kuiuza, kwa hiyo bei itarudi chini. Kawaida inakaa chini sana ya hapo, maana kadi nyingine za kwenye pakiti nazo zina wanunuzi. Breki hii inafanya kazi pale tu pakiti zinapoendelea kuchapishwa. Black Lotus ya mwaka 1993 iko kwenye orodha ya kadi ambazo kampuni iliahidi kutozichapisha tena, na mwaka 2021 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 500,000.

Njia nyingine ni kubadilishana. Mwaka 1960 Donald Newman na Lawrence Shepp walionyesha kihisabati kwamba seti ya kwanza ndiyo ghali, kila inayofuata inaongeza gharama kidogo zaidi. Ukiungana na wenzako wanne, ziada yako ni pengo la mwenzako.

Shida ya magemu mengi ya simu ni kwamba huwezi kuuza, huwezi kubadilishana, na huwezi kununua ile moja unayoitaka. Njia zote za kutorokea zimefungwa, imebaki bahasha. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema masanduku ya bahati ya namna hii yanaweza kuwa kamari kisheria. Na tangu mwishoni mwa 2017 Apple inayataka magemu kwenye duka lake yaonyeshe uwezekano wa kila aina ya kitu kabla hujalipa. Tatizo nani anausoma.

Tuliusoma mimi na dogo. Kadi yake: 0.5% kwa pakiti, na gemu lake halikuwa na kikomo cha kukuhakikishia kadi ukishafungua idadi fulani, kama mengine yalivyo. Wastani, pakiti 200. Pakiti shilingi 1,000. Na hata ukifika hizo 200, watu 37 kati ya 100 watakuwa bado hawajaipata.

Akakaa kimya, halafu akauliza, “Nimeshafungua 90. Kwa hiyo zimebaki 110?”

Hapana. Pakiti haijui umeshafungua ngapi. Zimebaki 200, kama siku ya kwanza.

Gemu bado analo kwenye simu. Elfu tano yangu aliirudisha boom lilipoingia.