Kabla ya Kutuma Feza ya Gari Ndogo ya Zamani



Mama mmoja wa likelemba yetu hapa Lubumbashi alipokea zamu yake. Alikuwa amengoja muda mrefu, na mpango wake ulikuwa wazi: anunue gari ndogo ya kubebea mboga na unga kutoka shambani mpaka sokoni, asiendelee kulipa gari ya watu kila asubuhi. Akaona kwenye simu picha za Toyota Starlet iliyokuwa Kolwezi. Rangi inang'aa, viti safi, bei nzuri. Muuzaji akamwambia: «Mama, wateja ni wengi, tuma avansi leo.» Akatuma. Gari ilipofika, akamaliza deni lote.

Leo gari hiyo imesimama uani. Inagonga kwa chini kila inapokata kona, na piesi ya kuitengeneza haijapatikana. Naye mama anaendelea kutoa mchango kila juma kwa zamu za wenzake.

Amekubali niandike habari hii ili wengine tusipite njia ileile. Niliketi naye pamoja na fundi aliyeifungua gari, nikaandika daftarini yale aliyotuonyesha.

Jina moja, gari mbalimbali

Starlet zilitengenezwa Japani tangu 1973 mpaka 1999. Za kwanza zilisukumwa na pine za nyuma. Kuanzia mwisho wa 1984, zilizofuata zikavutwa na pine za mbele. Lakini ziko pia chache zinazotembezwa na pine zote nne, na ukiziona kwenye picha hutajua tofauti.

Tofauti iko kwenye namba ya shasi. Ile ya kawaida ya mwanzo wa miaka ya 1990, yenye moteri ya litre 1.3, inaanza na EP82. Ndugu yake ya pine nne inaanza na EP85. Kwa zile za 1996 mpaka 1999, ya kawaida ni EP91, ya pine nne ni EP95. Gari ya mama yetu ni EP85: ina chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma, na piesi za sehemu hiyo wauzaji aliowauliza fundi hawana.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe bei. Mwambie muuzaji: «Nitumie picha ya namba ya shasi, ya kibati kilicho chini ya kapo, na ya karte roze.» Kibati hicho kinaonyesha modeli, moteri na aina ya sanduku ya vitesi. Kama namba za shasi hazifanani na za karte roze, acha. Zikifanana, peleka namba hiyo kwa wauzaji wa piesi, uulize kama kardani, embreyaji na mkanda wa distribisyo vinapatikana, na kwa bei gani.

Mambo ya kuona kwa simu ya video

Usikubali video iliyotayarishwa. Piga wewe mwenyewe, asubuhi, moteri ikiwa baridi.

1. Awashe moteri mbele yako. Moshi wa bluu maana yake moteri inakula mafuta. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikipata moto ni dalili ya maji kuingia ndani. Afungue kifuniko cha mafuta: ukiona kitu kama chai ya maziwa, maji yamechanganyika na mafuta.

2. Akunje usukani mpaka mwisho, kulia kisha kushoto, gari ikitembea polepole. Ukisikia ta-ta-ta, kardani imekwisha. Aonyeshe pia mipira inayofunika kardani: ikipasuka, grisi inatoka na vumbi linaingia.

3. Avute breki ya mkono, aweke vitesi ya tatu, aachilie embreyaji polepole. Moteri inapaswa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, embreyaji imechakaa. Kama ni otomatiki, aonyeshe mafuta yake: yawe mekundu, si meusi yenye harufu ya kuungua.

4. Aulizwe mkanda wa distribisyo ulibadilishwa lini. Hubadilishwa karibu kila kilometa 100,000, na ukikatika gari inazimika barabarani. Usiamini namba ya kilometa peke yake, kwa sababu inaweza kurudishwa nyuma.

Nani atalala chini ya gari?

Hata hivyo simu haitoshi. Haisikii harufu, wala haitikisi pine. Kutoka hapa mpaka Kolwezi ni kama kilometa 300. Lipa nauli ya fundi wako, si fundi wa muuzaji, alale chini ya gari na kuiendesha. Nauli hiyo ni kidogo kuliko gari isiyotembea. Feza yote itolewe mkono kwa mkono, mbele ya mashahidi, na karatasi isainiwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nilimwuliza mama kama atauza gari yake. Akajibu: «Nitaiuza, lakini kila atakayekuja nitamwonyesha kibati kwanza, nimwambie ni EP85. Mimi sikuambiwa.»