Kukaa, kikao, barza

Kwetu Walikale, barza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, tena ni wale watu waliokaa hapo kuamua shauri. Neno hilo lilinirudia nilipowafikiria wanafunzi wa Beni. Aprili 2021, wakiwa na sare zao za shule, waliketi katika uwanja wa meya, wakalala hapo siku kadhaa, wakidai Rais Tshisekedi aje ajionee mauaji.

Vijana wa LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012, wana desturi ya namna hiyo: hawana mwenyekiti, na jambo hujadiliwa pamoja mpaka wakubaliane. Inachosha (mimi ningetoroka mapema), lakini ukimfunga mmoja, kundi halinyamazi.

Polisi waliwaondoa wanafunzi wa Beni. Tangu 6 Mei, Kivu Kaskazini na Ituri zikawekwa chini ya magavana wa kijeshi, na mabunge ya majimbo yakasimamishwa.

Bado natafuta jina la kitendo chao. “Mgomo” halitoshi: anayegoma anaacha kazi. “Uvamizi” tunawapa wenye bunduki. Mpaka sasa nimebaki na “kukaa”, linalozaa kikao.