Matabaka ya Bahari na Viumbe Waliomo

Mtu asimamaye juu ya mlima wa Sagalla asubuhi isiyo na ukungu huuona mji wa Voi chini yake, na nyika ya Tsavo imetandaa hata upeo wa macho. Akishuka ataona kuwa kila kimo kina mimea yake na wanyama wake. Juu kuna ubaridi na unyevu. Chini kuna joto, miiba na ndovu. Yuko hata kiumbe mdogo afananaye na nyungunyungu, naye ni jamaa ya vyura, akaaye katika udongo wa mlima huo tu, wala hajapata kuonekana penginepo duniani. Wataalamu walimpa jina lake la kitaalamu mwaka 2005.

Bahari nayo, iliyo kama kilomita 150 kutoka Voi kwa njia ya Mombasa, ina desturi hiyo hiyo. Wengi wetu wa bara tunawajua samaki waletwao sokoni tu, na kwa hiyo hudhani kwamba bahari ni maji ya namna moja tangu juu hata chini. Sivyo. Wataalamu huigawa katika matabaka matano, na kila tabaka lina watu wake, kama tukipenda kuwaita hivyo.

Tabaka la kwanza ni la mwanga. Hili lashuka hata mita 200, ndiyo kama pima 109 kwa hesabu ya mabaharia. Humo jua hupenya, na kwa nguvu ya jua huota mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo ni malisho ya vidudu vya majini, na vidudu ni chakula cha samaki. Changu, tafi, nguru na jodari wote hupatikana katika tabaka hili, na matumbawe pia hujengeka humo.

Tabaka la pili lashuka tangu mita 200 hata mita 1,000. Hapa mwanga ni hafifu kama wa magharibi, na mimea haiwezi kuota. Samaki wengi wa humo wana macho makubwa, na wengine wana taa zao wenyewe miilini. Usiku uingiapo, viumbe wasiohesabika hupanda juu kutafuta chakula, na kabla ya mapambazuko hurudi gizani wasije wakaliwa. Safari hii hufanyika kila siku katika bahari zote, na hapana msafara wa wanyama wa nchi kavu uwezao kulingana nao kwa wingi.

Tabaka la tatu, hata mita 4,000, ni giza tupu. Maji ni baridi sana, na chakula kikubwa ni mabaki ya viumbe waliokufa juu, yanyeshayo polepole kama theluji. Chini yake, hata mita 6,000, ni tabaka la nne, na huko majongoo ya bahari hutambaa juu ya tope wakila mabaki hayo. Tabaka la tano ni la mabonde membamba yaliyo chini kupita yote. Bonde la Mariana, katika bahari ya Pasifiki, lina kina cha mita 10,900 hivi. Lau mlima Kilimanjaro ungewekwa ndani yake, kilele chake kingefunikwa na maji ya karibu mita 5,000.

Mwanadamu hafiki huko kwa urahisi, maana maji ni mazito. Kila mita 10 anazoshuka, huongezeka uzito wa kama kilo moja juu ya kila sehemu ya mwili iliyo sawa na ukucha wa kidole. Katika bonde la Mariana uzito huo wapita tani moja. Hata hivyo, tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walifika chini kabisa katika chombo cha chuma kiitwacho Trieste. Bahari yetu ya Hindi nayo ilichunguzwa mwaka 1933 na 1934 na wataalamu waliosafiri katika meli ya Misri, Mabahiss, iliyofika Mombasa na Unguja.

Lakini ajabu iliyo karibu nasi zaidi ni ya samaki aitwaye silakanti. Wataalamu walimjua kwa mifupa iliyogeuka mawe, nao waliamini kwamba alikwisha kutoweka zamani sana, miaka milioni nyingi kabla ya binadamu kuwapo. Mwaka 1938 mmoja alivuliwa Afrika ya Kusini, akiwa mzima. Mwaka 2001 meli ya uvuvi ilimnasa mwingine karibu na Malindi. Alikuwa na uzito wa kilo 77. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania wamewanasa wengine, hasa Tanga, katika majarife yaliyotegwa papa kwenye maji ya kina. Kumbe mchana hujificha katika mapango ya tabaka la mwanga hafifu na kandokando yake, mahali ambapo nyavu za zamani hazikufika.

Samaki huyu huzaa kwa nadra. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba aweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba jike hachukui mimba mpaka awe na miaka zaidi ya 50. Basi mmoja akiuawa, pengo lake halizibiki upesi. Kwa sababu hiyo Serikali ya Tanzania iliweka hifadhi ya bahari huko Tanga mwaka 2009.

Pengine msomaji wa Sagalla atauliza: haya yatuhusu nini sisi watu wa milimani? Na atazame mto Athi, ambao baada ya kukutana na mto Tsavo huitwa Galana, na karibu na pwani huitwa Sabaki. Wakati wa mvua mto huo huingia baharini karibu na Malindi ukiwa mwekundu kwa udongo wa bara. Udongo huo huyafunika matumbawe na kuziba mwanga katika tabaka la kwanza. Na tumekwisha kuona kwamba chakula cha matabaka ya chini karibu chote hutoka juu.

Basi mkulima achimbaye matuta na kupanda majani kandokando ya shamba hulinda mahindi yake kwanza. Hulinda na yule kiumbe mdogo wa udongoni. Kisha, pasipo kujua, huwalinda samaki ambao hatawaona kamwe. Udongo ukikaa mlimani ni mali. Ukifika baharini ni hasara kwa pande zote mbili.