Tolkien aliacha mapengo, mashabiki wakaingia

Katika The Silmarillion, kitabu cha J.R.R. Tolkien kilichotoka mwaka 1977, wamo watoto wawili mapacha, Elrond na Elros. Wana wa Mwelfi Fëanor wanavamia makao yao kwenye mlango wa mto Sirion, wanaua jamaa zao, wanateketeza kila kitu. Mama anajitosa baharini. Baba yuko safarini, hana habari. Watoto wanachukuliwa mateka, kisha mmoja wa wavamizi hao, Maglor, mwimbaji hodari, anaingiwa na imani na kuwalea, mpaka wanazoeana na kupendana. Habari yote ya malezi hayo haizidi sentensi moja. Mwandishi anageuka, anaendelea na vita vyake.

Msomaji wa kawaida naye hugeuka. Shabiki hukataa. Usiku wa kwanza watoto hawa walilalaje? Siku ya kwanza kumwita Maglor baba, ni nani kati yao aliyetangulia, na mwenzake alimtazama vipi? Na Elrond yule tunayemkuta baadaye katika The Lord of the Rings, mwenye hekima na mganga mkuu wa Rivendell, aliwasimuliaje wanawe habari za mtu aliyemlea baada ya kuwachinja watu wa kwao? Maswali haya yamezaa hadithi, michoro, nyimbo na mashairi kwa wingi ambao Tolkien mwenyewe angeuona wa ajabu.

Kazi za mashabiki hazikosi watu wa kuzibeza. Wanasema nguo ya kuazima haisitiri: kama una kipaji, buni watu wako, buni nchi yako. Sina ugomvi nao sana, maana zipo hadithi za mashabiki ambazo kwa kweli hazisitiri kitu, na mtu akianza kuzisoma ovyo atakutana na hizo kwanza. Ila lawama yenyewe imekosa shabaha. Tatizo la shabiki si kwamba ameazima. Tatizo lake ni mapenzi. Mtu anayempenda Maglor ataandika juu ya Maglor leo, kesho na keshokutwa, hadithi ileile kwa maneno mapya, naye haoni. Kinachomtoa hapo ni masharti anayowekewa na wenzake.

Hapo ndipo linapoingia jambo wanaloliita changamoto. Silmarillion Writers' Guild, kundi la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya waandishi wanaokipenda kitabu hicho, limezifanya changamoto kuwa desturi ya kila mwezi. Linatoka dokezo: pengine ni mada, pengine orodha ya maneno, pengine ni sharti la umbo, kwamba usimulie kwa barua tupu, au uanzie mwishoni urudi mwanzo. Anayetaka anaandika au anachora, anaiweka kazi yake kwenye hifadhi ya kundi kabla tarehe haijapita, wenzake wanasoma na kutoa maoni. Hakuna mshindi wala zawadi ya fedha. Mshiriki hupewa kijipicha mfano wa stempu cha kuweka kwenye ukurasa wake, na usione ni jambo la kitoto: wapo watu wazima, wenye kazi na familia, wanaokesha ili wasiikose stempu ya mwezi.

Aina ni nyingi. Kuna kubadilishana zawadi, ambapo kila mtu anataja angependa kusomewa nini, kisha waandaaji wanampangia mtu mwingine, kwa siri, amwandikie. Kuna mtindo wa kinyumenyume: mchoraji anatangulia, picha zinawekwa bila majina ya wachoraji, waandishi wanachagua na kuzitungia hadithi. Kuna mwezi wa Machi, uliokuwa kwa miaka mingi sikukuu ya changamoto ya wapenzi wa Tolkien wa makundi yote, kwa kuwa tarehe 25 Machi ndiyo siku ambayo, katika kitabu, Pete inaangamia. Kuna pia drabo, ambayo mimi naiweka juu ya zote. Hii ni hadithi ya maneno 100 kamili. Si 99, si 101. Mtindo huo ulianzia kwa mashabiki wa hadithi za kisayansi wa Birmingham, Uingereza, katika miaka ya 1980, ukasambaa kila mahali. Kwa Kiswahili, ambacho hubebesha neno moja mtendaji, wakati na mtendwa, maneno mia ni uwanja mpana kidogo kuliko walio nao Waingereza, na sijui kwa nini hatuutumii.

Sisi tuna lipi la kushangaa hapa? Mwambao wetu umeifanya kazi hii karne nyingi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anayehesabiwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi, hakuona aibu kuchukua utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo na kuutia takhmisi: unayachukua maneno ya aliyekutangulia, unaongeza mishororo yako mitatu kwa kina kinachokubaliana naye, ubeti unatimia mitano. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akamchukua Liyongo huyohuyo akamtungia utenzi mzima. Hakuna aliyemwambia aende akabuni shujaa wake. Na washairi waliojibizana magazetini, mmoja akatoa swali na bahari, mwingine akalazimika kujibu kwa bahari hiyohiyo, walikuwa wanapeana changamoto kwa maana ileile kabisa.

Turudi kwenye aina za changamoto, maana imebaki bingo, na bingo ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi masharti yanavyofanya kazi. Unapewa kadi ya viboksi vitano kwa vitano, kila kimoja na dokezo lake. Ukitimiza mstari mmoja umepata bingo. Madokezo hukuyachagua, na mstari haupindi kukufuata. Tuseme wewe ni mpenzi wa wana wa Fëanor, na katika mstari unaoutaka viboksi vinne vimekaa vizuri: kiapo, ndugu, moto, kinubi. Cha tano kimeandikwa Harad.

Harad ni nchi ya kusini katika ramani ya Tolkien, nchi ya joto, watu wake weusi na wa maji ya kunde, wenye tembo wakubwa wa vita. Katika The Lord of the Rings wanakuja kumpigania Sauron, adui mkuu, wanakufa, basi. Hakuna mwanamke hata mmoja wa Harad anayetajwa kwa jina. Msomaji wa Afrika akifika hapo huwa na lake moyoni, na ana haki. Lakini Tolkien aliacha ufa mmoja. Katika juzuu ya pili, Sam, mtunza bustani na mtumishi wa Frodo, anaona maiti ya askari wa Harad ikianguka karibu naye porini, uso chini. Anajikuta akijiuliza mtu yule aliitwa nani, ametoka wapi, kama kweli alikuwa mwovu au alidanganywa na kutishwa mpaka akaiacha nyumba yake. Ni fikra ya dakika moja. Waliotengeneza filamu walimpa jemadari Faramir maneno hayo, katika toleo refu la filamu ya pili, nami naona walikosea: uzito wake ni kwamba anayejiuliza ni mtunza bustani.

Sasa una kiboksi chako. Unaandika drabo. Rasimu ya kwanza: mwanamke wa Harad yuko mlangoni, mumewe amekwenda vitani kaskazini, kuna jua, kuna mchanga, Sauron ametuma wajumbe wenye ahadi, mumewe hakuamini lakini alikuwa na deni. Unahesabu: maneno 143. Unaanza kukata. Jua na mchanga vinaondoka kwanza, maana aliyezaliwa kwenye jua halisimulii. Maelezo ya Sauron yanaondoka, maana msomaji wa hadithi hizi anamjua, na mwanamke huyu pengine hamjui kwa jina hilo. Yamebaki 117. Unalitazama neno deni na kugundua kwamba ndilo hadithi. Kwa hiyo mumewe hasimuliwi tena. Anayesimuliwa ni mdai, aliyekuja asubuhi ileile kuuliza kama kuna habari kutoka kaskazini, akijua wazi kwamba askari akifa deni linamwangukia mjane. Anakaribishwa. Anapewa maji. Maneno mia yanaishia mdai akiwa amekaa, hajasema alichojia, na mwanamke anaanza kuhesabu mifugo kimoyomoyo.

Hadithi hiyo mpenzi wa Fëanor asingeiandika kwa hiari. Ameiandika kwa sababu alitaka mstari wake utimie.

Mapengo ya namna hiyo yamejaa kwa Tolkien. Watatu kati ya wana saba wa Fëanor tunaambiwa walioa. Wake zao hawakupewa majina. Celebrimbor, mhunzi aliyefua zile pete za Waelfi, ana baba. Mama ni kimya. Mfalme Gil-galad ana shida kubwa zaidi. Kitabu cha 1977 kinasema ni mwana wa Fingon. Mwaka 1996 Christopher Tolkien, aliyeyahariri makaratasi ya baba yake, akakiri katika juzuu ya mwisho kati ya juzuu 12 za historia ya Dunia ya Kati kwamba kumweka Gil-galad chini ya Fingon halikuwa wazo la mwisho la mzee. Mashabiki wakagawanyika, na mpaka leo mwandishi wa hadithi ya Gil-galad huanza kwa kutangaza yeye ni wa baba yupi.

Tolkien mwenyewe angesema nini? Alisema mambo mawili yasiyopatana. Mwaka 1951, katika barua ndefu kwa mchapishaji Milton Waldman, alieleza kwamba ujanani alikuwa na ndoto ya kutunga mkusanyo wa visakale, baadhi avikamilishe na vingine aviache vikiwa michoro tu, ili wengine waje waviendeleze kwa rangi, muziki na maigizo. Papo hapo akajicheka kwa kuota hivyo. Mwaka 1966 kijana mmoja alipomwandikia kwamba anataka kutunga mwendelezo wa The Lord of the Rings, mzee alikasirika na kumwona mpumbavu asiye na adabu. Mashabiki hupenda kuitaja barua ya kwanza. Ya pili huisahau.

Sheria nayo ina mipaka yake. Mmarekani mmoja alichapa na kuuza mwendelezo wake, kisha mwaka 2023 akawashtaki warithi wa Tolkien na Amazon, akidai mfululizo wa televisheni wa kampuni hiyo umemwibia. Mahakama ya California ilitupa kesi yake, ikamwamuru aharibu nakala zote, na mwisho ikamtwisha gharama za mawakili zaidi ya dola 130,000. Tofauti yake na wanaokesha na kadi za bingo ni kubwa: wao hawauzi. Ndiyo maana Archive of Our Own, hifadhi kubwa ya kazi za mashabiki iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009, haina matangazo ya biashara na haimruhusu mwandishi kuchangisha fedha humo. Inaendeshwa na watu wa kujitolea na michango. Ina kazi zaidi ya milioni 10, na mwaka 2019 ilitunukiwa tuzo ya Hugo, ambayo waandishi wa fantasia huitolea macho maisha yao yote.

Tusipake rangi kila kitu. Jamii hizi zina ugomvi wake, mkali na wa kuchosha, na hata kwa changamoto zote hizo wapenzi wa wana wa Fëanor bado wanajaza ukumbi huku Harad ikipata viti vya nyuma. Waandaaji wenyewe huchoka. Changamoto ya mwezi inataka mtu wa kubuni madokezo, wa kupokea kazi, wa kutengeneza stempu, wa kusuluhisha, na yote hayo baada ya saa za kazi. Makundi mengi yamekufa kwa sababu mtu mmoja alipata mtoto au alihamishwa kazi.

Mengine yamekufa kwa kufungiwa mlango. Geocities ilipofungwa mwaka 2009, kurasa za mashabiki wengi zilikwenda nayo. Yahoo Groups ikafuata, ikafungwa kabisa Desemba 2020. Kwa hiyo shirika linaloiendesha Archive of Our Own lina mradi wa kuokoa hifadhi zinazokaribia kuzimika na kuzihamishia kwake. Henneth Annûn, mojawapo ya hifadhi za zamani za hadithi za Tolkien, iliokolewa hivyo. Shirika hilo pia limeweka utaratibu kwa wanaozeeka, maana walioanza kuandika wakati filamu za Peter Jackson zilipotoka mwaka 2001 hawakuwa watoto wote. Mwandishi anaweza kumteua shabiki mwenzake awe mrithi wa akaunti yake akifa. Wote wawili wanakubaliana mapema, jina linawekwa kwenye kumbukumbu, na siku ikifika mrithi anakabidhiwa hadithi zote, pamoja na zile ambazo hazijamalizwa.