Uchomeleaji Chini ya Gari: Ubora wa Mshono Huanzia Kwenye Maandalizi

Daladala, mabasi na malori yanayopita katika barabara za vumbi na makorongo hupata nyufa mapema katika sehemu ambazo mwenye gari hazioni kwa urahisi: vishikizo vya springi, mihimili ya bodi na vibebeo vya bomba la moshi. Fundi hulazimika kulala chali, au kusimama ndani ya shimo la gereji, na kuchomelea chuma kilicho juu ya uso wake. Mkao huo ni miongoni mwa migumu zaidi katika fani ya uchomeleaji, na mshono dhaifu unaotokana nao huenda usigundulike hadi gari likiwa safarini na abiria ndani yake.

Chuma kilichoyeyuka hutaka kudondoka. Kinachokishikilia ni mvutano wa uso wake pamoja na msukumo wa moto wa umeme, na nguvu hizo zinaweza kubeba kiasi kidogo tu. Fundi anapoona chuma hakishiki, mara nyingi huongeza umeme. Matokeo yake chuma kilichoyeyuka huwa kingi, matone humwangukia, na mshono huning'inia katikati huku ukiacha mifereji pembeni. Ufa mpya huanzia katika mifereji hiyo.

Njia sahihi ni kutumia kijiti chembamba. Kijiti cha milimita 2.5 kwa kawaida hutumia ampea 60 hadi 90, na kwa kazi ya juu ya kichwa umeme hupunguzwa kidogo chini ya ule wa kuchomelea mezani. Usipunguzwe kupita kiasi, kwani mshono utakaa juu ya chuma bila kuungana nacho. Ncha ya kijiti iwe karibu na chuma, umbali usiozidi unene wa kijiti chenyewe, na mkono uende moja kwa moja bila kuyumba sana. Mistari kadhaa myembamba, kila mmoja ukiondolewa gamba na kupigwa brashi kabla ya unaofuata, ni imara kuliko mstari mmoja mpana.

Aina ya kijiti husomeka kwenye pakiti. Katika namba kama E6013 na E7018, tarakimu ya tatu, yaani 1, huonesha kwamba kijiti kinafaa kwa mikao yote, ikiwemo ya juu ya kichwa. E7024 yenye tarakimu 2 haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Aidha, E7018 hupoteza sifa yake ikinyonya unyevu, jambo ambalo mafundi wengi wa ukanda wa pwani hulipuuza.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya moto kuwashwa. Kutu, rangi, grisi na lami ya kuzuia kutu viondolewe hadi chuma king'ae. Kibano cha ethi kifungwe karibu na sehemu inayochomelewa ili umeme usipite katika beringi, na waya hasi wa betri ufunguliwe. Kebo ining'inizwe kwenye ndoano ili mkono usichoke, isizungushwe mwilini.

Gari lisimame juu ya stendi imara, si jeki peke yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama ndani ya shimo, hivyo harufu ya mafuta inatosha kusitisha kazi. Tangi la mafuta halichomelewi gereji.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumlinda mfanyakazi, na kwa kazi hii maana yake ni barakoa ya kuchomelea, kofia, glovu na koti la ngozi lenye shingo iliyofungwa. Kwa mafundi waliojifunzia kazini, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kuutathmini ujuzi wao na kuwapatia vyeti.

Mwenye gari naye anaweza kukagua kwa tochi na kioo kidogo kabla mshono haujapakwa rangi: upana uwe sawa, kusiwe na vitundu, matone yanayoning'inia wala mfereji pembeni. Fundi anayepaka rangi haraka kabla ya ukaguzi aombwe kusubiri.